Mguu wa Katikati

"Tangu nishike koleo mara ya kwanza, miaka thelathini na moja iliyopita," fundi Musyimi alitangaza, "hakuna taa iliyowahi kukataa amri yangu."

Mashahidi walikuwa watatu: mkwe wake Kihara, binti yake Kavata aliyekaa kwenye kiti cha abiria mlango ukiwa wazi, na mbuzi wa mwenye hoteli ya jirani. Musyimi alinyoosha ovaroli yake, akaingiza mkono ndani ya pikapu, akabonyeza swichi mpya kwa taadhima ya mtu anayefungua daraja.

Taa mbili mpya juu ya bampa, ambazo kumbe zilikuwa zikiwaka muda wote huo katika jua la saa nane, zikazima.

Mbuzi aliendelea kutafuna katoni.

Musyimi alisubiri kusifiwa. Kihara alikohoa, akasema taa ni nzuri sana, akashukuru.

"Baba," Kavata akasema, "zimezima."

Musyimi akabonyeza tena. "Na sasa?"

"Sasa zinawaka. Lakini swichi umeizima."

Fundi mzoefu hahitaji muda mrefu kutunga sayansi. Akaeleza kwamba hizi ni taa za kisasa. Ukitaka mwanga, unazima. Ukitaka giza, unawasha. Wazungu wamegundua kwamba mtu akishtuka barabarani huzima vitu ovyo, basi ndiyo usalama wenyewe huo. Alieleza kwa uso mkavu kiasi kwamba mwishowe yeye mwenyewe alianza kuamini.

"Sawa, baba," Kihara akasema.

Angesema nini kingine? Wazazi wake walikuja hapa mjini Sultan Hamud kutoka Murang'a kuuza nguo, lakini yeye alikuwa ameshika mambo ya uthoni, adabu ya wakwe, kuliko Mkamba wa kuzaliwa. Mkwe hamkosoi baba wa mke wake, hata akimfungia usukani nyuma ya gari. Kihara alifunga boneti polepole, akazunguka kwenda kukaa mbele ya usukani, akawasha injini.

Kavata hakufunga mlango wake. Alikuwa na mimba ya miezi tisa na siku kadhaa ambazo muuguzi wa kliniki hakutaka kuzihesabu kwa sauti. Nyumbani kwao ni mbele ya Matiliku, kwenye barabara ya vumbi ambako punda wa maji husimama katikati ya njia kama wenye hatimiliki. Mwezi uliopita Kihara alimkwepa mmoja gizani akaishia mtaroni. Mtoto haulizi saa ya kuja. Akija usiku, taa hizo ndizo zingewapeleka hospitali. Na kama kuzizima ni kuwasha, basi swichi ingebidi ikae imewashwa usiku na mchana ili taa zilale, na rilei, kile kijisanduku cha kupitisha umeme wa taa chini ya boneti, ingenyonya betri kuukuu kama kupe mgongoni mwa ng'ombe. Saa ya kuhitajika, gari lisingeitika.

Hayo yote Kavata aliyajua kwa sababu alilelewa chini ya meza ya banda hili la baba yake. Watoto wengine walikariri mistari ya Biblia. Yeye alikariri na miguu ya rilei.

"Zima gari kidogo," akamwambia mumewe.

Alishuka kwa awamu, akafungua boneti, akachomoa kile kijisanduku cheusi. Akasimama kwanza mezani, akimpa baba yake mgongo, mkono mmoja ndani ya debe la spea kuukuu. Kisha akamgeukia, akamwekea kijisanduku kiganjani.

"Nisomee namba, baba. Nimezisahau."

Musyimi alikiinua juani. Akakisogeza karibu, akakipeleka mbali, akakunja kipaji cha uso. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Thelathini," akasoma kwa sauti ya mzee wa kanisa. "Umeme kutoka betri. Themanini na tano. Themanini na sita. Hizi za swichi. Themanini na saba, taa."

"Zimeandikwa hapo?"

"Mwaitu, ningekudanganya?" Alimwita mwaitu, mama, kwa sababu Kavata alibeba jina la mama yake Musyimi, na pia kwa sababu Musyimi alikuwa taabani.

Kavata akafungua mkono wake mwingine. Rilei ya taa ilikuwa humo.

"Hiyo uliyoshika ni ya indiketa, ya ile pikapu ya marehemu Kimeu. Iko na herufi tatu tu. Haina namba hata moja."

Ndani ya pikapu, Kihara alianza ghafla kupendezwa sana na malori ya barabara kuu. Aligeuza uso wote huko, akashusha na kofia.

Musyimi alikaa juu ya tairi. Mzaha huo ni yeye mwenyewe aliyemfundisha binti yake. Ndivyo alivyokuwa akiwanasa wanagenzi wavivu, kwa kuwapa kitu kisicho na namba awaone wakisoma. Alikigeuzageuza kile kijisanduku, akakiweka chini.

"Sizioni namba," akasema mwishowe. "Tangu mwaka jana. Naunga kwa kidole. Rilei za miguu minne nazijua. Hii ina mguu mwingine hapo katikati, kidole kikaufikia kwanza, nikaona... sikuona, mwaitu. Ningewaacha mwende hivyo."

Kavata hakucheka. Alijishikilia kwenye meza, akavuta pumzi ndefu, mkono ukikaza kiunoni, mpaka uchungu ukapita.

"Mguu wa katikati ni themanini na saba A," akasema. "Huo huwasha taa ukizima. Lete waya ya taa. Hapana, ile nyekundu. Lete kidole."

Akashika kidole cha baba yake, akakipitisha juu ya mguu wa katikati, akakivusha hadi ule wa ng'ambo, themanini na saba yenyewe. Musyimi akachomeka waya pale. Mikono ilikuwa bado na miaka yake thelathini na moja yote.

Rilei ikarudi chini ya boneti. Kihara, bila kugeuka, akaweka kidole kwenye swichi akingoja neno.

Musyimi akapiga magoti mbele ya bampa. Akafumba macho, akafunika vioo viwili vya taa kwa viganja.

"Washa," akasema.

Rilei ikalia tik. Mwanga ukapenya katikati ya vidole vyake, mwekundu, naye akabaki pale magotini, akisubiri joto lifike viganjani.