Upande wa Pili wa Sarafu ya Léopold

"Mi najulikana mu inchi makumi ine," Pascaline alipenda kuwaambia wanawake waliopanga madumu bombani, pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Akawaacha wamwangalie kidogo, kisha akamalizia mwenyewe, kabla hajatokea wa kumwumbua: "Ni vidole tu vinajulikana. Na hata vile, balishaomba nivitoe."

Hakudanganya. Kulikuwa na katalogi ya sarafu kwenye intaneti, ambayo watu wa dunia nzima waliiandika pamoja bila kuonana: huyu anatia picha, yule anapima uzito, mwingine anasahihisha mwaka uliokosewa. Pascaline, mwenye miaka sitini na minane na madarasa sita ya misheni, alikuwa mmoja wao. Nakivale watu wamekimbilia kutoka kila upande, na kila mmoja alifika na sarafu mfukoni ambazo hazinunui hata chumvi: za Zaire, za Burundi, za Somalia. Walimpa yeye. Jumanne, siku yake ya kuuza maharagwe Mbarara, alizipeleka mtaa wa Nyamityobora kwa Lillian, mke wa mwanajeshi wa kambi ya mjini, mwenye kibanda cha fotokopi na intaneti. Pascaline anashika sarafu, Lillian anapiga picha. Ndivyo vidole vilivyozunguka dunia.

Mwaka huo wa 2014, msimamizi wa kurasa za Zaire, mzee mmoja wa Ubelgiji, aliandika kwamba sarafu ya zaire tano haikuwa na picha inayosomeka wala uzito wa kuaminika. Mwenye nayo aisaidie katalogi.

Pascaline alijua ilipo. Ilikuwa ndani ya mfuko wa Biblia wa mume wake, Léopold, imefungwa kitambaa, zipu imevutwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, maana ile ndiyo iliyokuwa kura ya nyumba.

Léopold alikuwa shemasi. Tangu walipokimbia Kivu ya Kusini mwaka 1996, kila neno kubwa lilipowashinda, aliitoa, akaomba, akairusha juu. "Mitume walipiga kura," alisema. "Tumwache Mungu aseme." Yeye alichagua kichwa siku zote, kwa kuwa mwanaume ndiye kichwa cha nyumba. Pascaline alibaki na upande wa maandishi. Kwa mambo madogo, nani achote maji, nani afunge mbuzi, walirusha sarafu yoyote ya Uganda, na huko Pascaline alishinda mpaka akamcheka mzee wa watu. Kwa makubwa hakushinda hata mara moja. Mwaka 2006 aliomba kurudi kwao Uvira kumwona mama yake aliyekuwa kitandani. Kichwa. Mama akazikwa na majirani.

Sasa alibaki dada yake, Orpa, huko huko Uvira. Macho yake yalikuwa yamekufa, na alikuwa ametuma neno kwamba anataka kuushika uso wa Pascaline kwa mikono kabla hajaondoka duniani. Léopold alisema safari ni hatari, nyumba itabaki na nani. Kura ikapangwa Jumapili.

Jumanne, Léopold akiwa shambani, Pascaline alifungua zipu. Nitairudisha kabla ya jioni, alijiambia. Mungu hatahitaji kupiga kura kabla ya Jumapili.

Kule kibandani, Lillian alipiga picha ya upande wa kwanza. Pascaline akaigeuza sarafu bila kuitazama, macho yakiwa barabarani kwa mwanamke mwenye kitenge kizuri. Lillian akapiga tena, akainama juu ya mashine.

"Maama, leo umelala vibaya? Umenipa upande moja mara mbili."

"Niligeuza."

"Geuza tena."

Akageuza. Kichwa cha Rais. Akageuza. Kichwa kile kile, shingo ile ile. Lillian alimnyang'anya, akaigeuza mwenyewe mara nne, taratibu, kama mtu wa chapati aliyeona moja inaungua.

"Eh. Hii haina maandishi."

Pascaline alikaa. Juu ya kiti alichokalia kulikuwa na mteja, kijana wa watu aliyesubiri kutoa fotokopi ya cheti, na wala hakumwona mpaka alipoguna.

Lillian alikuwa amekwisha kufurahi. "Maama, kiwanda ilikosea. Hawa watu wa katalogi wanapenda makosa kuliko chakula." Alikimbia kwa sonara wa mtaa ule, akapima uzito kwa mizani ya dhahabu, akapiga picha na za ukingo, akazituma zote Ubelgiji. Chai aliyomnunulia Pascaline haijapoa, jibu likaja. Lillian alisoma, akakuna shingo.

"Anasema tuangalie pembeni, kuko mstari kama nywele. Ni sarafu mbili. Mtu alisaga kila moja nusu, akazibandika. Hawezi kuiweka na zile za kweli, lakini kuko ukurasa ya zile za uongo. Anataka kitu moja tu ya kuandika." Akamtazama. "Anauliza, ilikuwa inatumika kufanya nini?"

Chai iliyokuwa kinywani, Pascaline hakuimeza wala hakuitema. Alianza kuzihesabu kura kubwa zote, kwa vidole vile vile vya nchi arobaini. Kubaki Uganda wasivuke Tanzania: kichwa. Gradi, mtoto wao wa kwanza, aache shule: kichwa. Mama: kichwa. Hapo kidole kilibaki kimesimama, hakijui kikunjwe au kinyooshwe. Na yale maji, na yule mbuzi, alikokuwa akishinda na kucheka? Alikuwa ameachiwa ashinde, kama mtoto anavyopewa kijiko asililie kisu.

"Maama? Niandike nini?"

"Andika, ilimusaidia Mungu kusema."

"Hiyo haiwezi kuingia kwa fomu."

"Basi andika, ya kudanganya bibi ya shemasi."

Lillian akaandika. Hakuuliza ni shemasi yupi.

Jumapili baada ya ibada, sarafu ilikuwa imelala tena ndani ya kitambaa chake, na mfuko wa safari wa Pascaline ulikuwa nyuma ya mlango, na kitenge cha Orpa juu kabisa. Léopold alivua koti, akaomba sala ndefu yenye "mapenzi yako" mara tano, akatoa sarafu.

"Haya, Mama Gradi."

"Papa Gradi, leo mi nachagua mbele yako."

"Chagua tu."

"Kichwa."

Mkono wa Léopold ulikuwa umekwisha kuinuka. Ukabaki pale pale hewani. "Kichwa ni yangu toka zamani."

"Leo nimechoka na maandishi."

"Hii sarafu pia imezeeka," alisema Léopold. "Tukamate ile ya Uganda."

"Hapana. Hii ndiyo Mungu amezoea." Pascaline alivuta kigoda, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana. "Basi chukua wewe ile maandishi. Lakini unisomee kwanza. Miaka kumi na nane nayichagua, sijayisoma hata siku moja."

Léopold aliishusha sarafu, akaishika vizuri, kidole gumba kikiwa kimelala juu yake. Akakohoa.

"Banque du Zaïre," akasoma, kwa sauti yake ya kusomea Zaburi. "Cinq zaïres."

"Na mwaka?"

Akaisogeza karibu na macho. Akakunja uso, kama mtu anayetafuta herufi ndogo kwenye mwanga hafifu, ingawa jua la saa nane lilikuwa limejaa mlangoni.

"Elfu moja mia kenda makumi munane na saba."

"Unasoma muzuri. Sasa toa kidole."

Kidole hakikutoka. Pascaline akakiinua yeye mwenyewe, polepole, kwa vidole vyake viwili, na kichwa cha Rais kikawatazama wote wawili.