Amplifaya Juu ya Kiti

Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa sita. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka karibu na mapaa, manyunyu yakija na kuondoka kama mtu aliyesahau kitu, na dobi alijua tangu alipofungua dirisha kwamba hakuna shuka litakalokauka. Siku nyingine hali hiyo ingemnunisha. Leo alishukuru, maana alikuwa na safari. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu ampe macho ya kuona hila kabla hila haijamfikia, kisha akavaa shati alilolinyoosha mwenyewe. Alikuwa anakwenda kununua amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya gitaa lake, na hakuwa na imani na mtu yeyote ambaye angekuwa karibu naye siku hiyo.

Dobi alijifunza gitaa la besi akiwa ameshavuka hamsini, umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kuvaa miwani. Mpigaji wa zamani wa kwaya alihama mji, na nyimbo zikabaki zinaning'inia hewani bila kitu cha kuzishika chini. Yeye akajitolea. Wengine walicheka, wakasema mzee anatafuta ujana kwenye nyuzi. Kila jioni alipomaliza kupiga pasi alikwenda kwa mwalimu, akarudi na vidole vimevimba, akaviloweka kwenye maji ya chumvi huku akisali. Siku alipofanikiwa kupiga wimbo mzima bila kupotea, mke wake alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama tu, na dobi akajua kwamba hilo ndilo jambo alilokuwa akimwomba Mungu bila kulijua jina.

Tatizo lilikuwa amplifaya. Alikuwa ameazimwa ya kanisa, kubwa kama kabati la vyombo. Ukiipunguza, inakoroma bila kutamka neno. Ukiiongeza mpaka nyuzi zieleweke, ukuta mzima unaimba nayo. Na upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na kitanda cha mlinzi, jirani yake, mtu anayelinda ghala usiku na kulala mchana. Vikombe vya mlinzi vilianza kutembea rafuni, na kimoja kikajitupa sakafuni. Mlinzi aligonga ukuta kwa buti. Dobi akapunguza, akasahau, akaongeza. Hapo mlinzi akaenda kwa mama mwenye nyumba.

Mama mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Alisema lalamiko moja tu likimfikia tena, gitaa litoke, na kwaya nayo isikanyage hapo. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya sauti ya chini sebuleni kwa dobi kwa kuwa paa la kanisa lilikuwa limebomolewa litengenezwe. Kwa hiyo angekosa gitaa, na wenzake wangekosa chumba, kwa mkupuo mmoja. Tangu siku ile yeye na mlinzi walipishana mlangoni kama watu wasiojuana, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Basi asubuhi hiyo dobi alipotoka, jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye kizingiti cha mlinzi. Mlinzi akirudi kutoka kazini huziacha buti zake nje, zimesimama wima kama bado ziko zamu. Leo hazikuwepo. Machale yakamcheza. Kama mtu huyu hajalala, yuko wapi saa hizi? Dobi alijijibu mwenyewe: yuko kwa mama mwenye nyumba, anatia chumvi.

Shemeji yake alikuwa anamngojea barabarani na mwavuli. Huyu alikuwa kaka wa mke wake, mpiga kinanda wa kwaya, mcheshi, mtu wa kuchelewa kila mahali. Kumwona amewahi kulimwongezea dobi wasiwasi. Isitoshe, hakuna aliyemwomba aje. Alijileta mwenyewe, akachagua duka mwenyewe, na alisisitiza kwamba lazima wafike mapema, sababu hakuitoa. Njiani dobi alimuuliza kama anamfahamu mwenye duka. Shemeji akasema, "Kidogo." Lakini walipoingia, mwenye duka alitoka nyuma ya meza akamkumbatia huyo wa kidogo mpaka mwavuli ukaanguka.

Duka lilikuwa jembamba, sakafu ya mbao, magitaa yakining'inia kama nguo kwenye kamba. Mwisho kabisa palikuwa na ukuta wenye rafu, na nyuma ya ukuta huo, mwenye duka alisema, ni stoo. Dobi alitoa gitaa lake kwenye mfuko, akalifuta manyunyu kwa kitambaa, akaanza kukagua kila kitu. Mwenye duka alimwelekeza kwenye amplifaya iliyokuwa kwenye kona, chini sakafuni, imebanwa na kuta mbili. Alisema wateja wote wanaipenda hiyo.

Kabla hajachomeka waya, dobi alisema wasali kwanza. Kwaya yao haianzi kitu bila sala, hata kuhamisha benchi. Shemeji akavua kofia, mwenye duka akainamisha kichwa, dobi akafumba macho akaanza kumshukuru Mungu kwa mvua na kwa riziki. Alifika kwenye maneno ya kuomba uaminifu, na hapo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie kwaya, akafumbua jicho moja.

Aliona mkono wa mwenye duka ukipita chini ya meza. Aliona mkono wa shemeji ukiupokea. Viganja vikafumba, kitu kikazama mfukoni, na nyuso za wote wawili zikabaki zimeinama kwa unyenyekevu mkubwa.

Dobi alimalizia sala haraka. Walisema amina kwa pamoja, na amina ya shemeji ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

"Nipitie msalani kwanza," shemeji akasema, akatokomea kwa mlango wa uani.

Dobi akabaki na mwenye duka wakitazamana. Alijua sasa. Hawa lao moja. Yeye ndiye mteja wa kuingizwa mjini, na ndugu wa mke wake ana fungu lake mfukoni. Moyo ulimwambia aondoke. Lakini angekwenda wapi, na neno la mama mwenye nyumba bado linamngoja nyumbani?

Shemeji aliporudi walianza. Amplifaya ya konani ilitoa sauti nene, tamu, inayopanda kutoka kwenye mbao za sakafu mpaka kwenye magoti. Dobi alijikuta anatabasamu bila kupenda. Hapo shemeji, bila hata kuomba ruhusa, alitoka tena nje, akarudi anatikisa kichwa, akaibeba amplifaya ile kutoka kwenye kona akaiweka juu ya kiti katikati ya duka. Akamwambia apige tena vilevile. Dobi akapiga. Unene wote ulikuwa umeyeyuka. Ilikuwa kama mtu aliyevuliwa koti.

Shemeji alieleza kwamba ile sauti ya kwanza ilikuwa ya kona na sakafu, siyo ya amplifaya, na kwamba sakafu ikisaidia hapa itasaidia na kule, mpaka kwenye vikombe vya watu. Mwenye duka alijikuna shingo akacheka kidogo. Maelezo yalikuwa na maana, na ndiyo maana dobi hakuyapenda. Mtu anayetaka kukuuzia kitu kibaya, aliwaza, huanza kwa kukuharibia kile kizuri.

Kisha ikaletwa ya pili, sanduku dogo la rangi ya kijivu ambalo mtu angelibeba kwapani. Shemeji aliipandisha juu ya kiti yeye mwenyewe. Alimwonyesha dobi tundu la kuchomeka spika za masikioni, akamwambia akichomeka hapo nyumba nzima itasikia nyuzi zikigongwa tu, kama mtu anayechambua mchele. Akamwomba azungushe sauti karibu na mwisho kabisa wa chini, apige uzi mnene kuliko zote, asikilize kama unatamka au unakoroma.

Uzi ukatamka. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila noti ilikuja na jina lake. Dobi hakutaka kuonyesha kitu usoni. Shemeji akamwambia apige wimbo mzima, ule mrefu wa kushukuru. Dobi akapiga. Shemeji akamwambia arudie. Akarudia. Shemeji akatoka uani mara nyingine, na safari hii aliporudi alikuwa anauma mdomo kama mtoto aliyeficha peremende, macho yakimcheka. Alimtazama mwenye duka, akampa ishara ya kichwa.

"Ni hii," shemeji akasema.

Dobi aliuliza vipi kuhusu ya tatu, ile nyeusi pale juu. Mwenye duka akajibu kwamba haina haja, hii ya pili inatosha. Mwuzaji anayekataa kuonyesha bidhaa. Damu ikamchemka dobi. Alichomoa waya, akalaza gitaa kwenye mfuko wake, akaanza kuvuta zipu polepole.

"Shemeji," alisema, "dada yako ananipikia kila siku, kwa hiyo nitakuuliza kwa heshima. Una fungu gani kwenye hiki kisanduku?"

Shemeji aliuliza fungu la nini.

"Nimekuona. Wakati wa sala. Umepewa kitu chini ya meza."

Mwenye duka alitazama dari. Shemeji alimkodolea macho dobi, kisha uso wake ukaanza kufunguka taratibu, si kwa hasira bali kwa furaha mbaya kabisa.

"Wewe," alisema. "Umefumbua jicho kwenye sala."

Dobi akasema jicho lake silo linaloulizwa hapa. Alitaka kuongeza maneno mengine aliyokuwa ameyapanga, maneno mazito, lakini hapohapo ukuta wa nyuma ukatoa sauti. Ilikuwa ndefu, ya chini, ikapanda, ikakatika, ikaanza upya. Hakuna aliyekuwa anapiga gitaa. Ilikuwa sauti ya mtu anayekoroma.

Shemeji aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. Akauning'iniza mbele ya uso wa dobi, kisha akampeleka uani, akasukuma mlango wa stoo.

Katikati ya maboksi, juu ya magunia ya kufungia mizigo, alikuwa amelala mlinzi. Alikuwa bado na sare ya kazi, kofia imemfunika pua, na buti zake zimesimama wima kando ya kichwa chake. Rafu ya upande huu ilikuwa na bilauri mbili za mwenye duka. Hazikuwa zimesogea.

Shemeji akasimulia, akicheka kwa sauti ya chini kama watu walio karibu na mgonjwa. Jana jioni alimfuata mlinzi getini kwake kazini akamwambia kwamba amplifaya inakwenda kununuliwa, na mwenye haki ya kuichagua ni yule atakayelala nyuma yake. Mlinzi hakumwamini. Alisema hao watu wa kwaya wakijua anasikiliza watapiga kwa adabu siku hiyo moja, kisha wakifika nyumbani watamrudishia ngurumo zake. Alikubali kwa sharti moja, kwamba dobi asijue kabisa. Akitoka zamu apitie mlango wa uani, afunguliwe stoo kwa ufunguo huo, akae nyuma ya ukuta, atoe hukumu. Ya konani aliikataa kwa kidole. Ya pili, shemeji alipokwenda kumuuliza, hakupata jibu lolote.

"Nikaona jibu ndilo hilo," shemeji akasema. "Na wewe ungefumba macho mpaka amina, usingeuona ufunguo ukaudhania rushwa."

Dobi alitaka kucheka na hakuweza. Alijiona alivyokuwa asubuhi nzima: akiwa magotini anaomba macho ya kuona hila, na macho aliyopewa akayatumia kuchungulia watu waliomtakia mema. Aliomba msamaha kwa sauti, kwa shemeji kwanza, kisha kwa mwenye duka. Mwenye duka alisema yeye hana kinyongo ila amplifaya ya konani isisemwe vibaya nje.

Sauti hizo zilimwamsha mlinzi. Alikaa, akavuta kofia, akamtazama dobi. Dobi alimwamkia. Mlinzi akaitikia kwa uzito, halafu akauliza kama kweli ile ya mwisho aliyoisikia ni gitaa lilelile la nyumbani.

"Ni lilelile, jirani."

"Basi lilikuwa na maneno siku zote," mlinzi akasema, "na mimi nilikuwa nasikia matusi tu." Lakini alipoanza kuvaa buti, uso wake ulirudi kuwa wa kazini. Alisema kisanduku ni kizuri, ila kisanduku hakijizungushi chenyewe. Ni mkono wa mtu ndio unaoongeza. Keshawahi kuona sauti ikipunguzwa asubuhi na kupanda adhuhuri. Hataki karatasi wala sahihi. Anataka dobi aseme kwa kinywa chake, hawa wawili wakisikia, ndipo naye atakwenda kwa mama mwenye nyumba kuliondoa lalamiko.

Mwenye duka akatoka kwenye kizingiti ili aonekane vizuri. Shemeji akavua kofia. Manyunyu yalikuwa yamekoma, na uani maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati moja baada ya jingine. Dobi alilishika sanduku la kijivu kifuani, na safari hii hakufumba macho. Alimtazama mlinzi usoni.

"Mungu ananisikia, na nyinyi ni mashahidi. Buti zako zikiwa mlangoni, gitaa langu halitasikika nje ya masikio yangu mwenyewe. Siku ya kwaya nitakuja kwanza kugonga kwako, na ukisema hujalala vya kutosha, tutaimba bila besi. Na hii amplifaya itakaa juu ya kiti siku zote. Siku utakayoikuta sakafuni, ibebe uende nayo, na mimi sitakuuliza umeipeleka wapi."