Dume Mwenye Y Mbili katika Ziwa Jilore

Mimi nakumbuka mathenge. Mti ule uliletwa kama msaada, ukapigiwa makofi, na leo unaozesha meno ya mbuzi na kumeza malisho. Kwa hiyo watu wa mradi walipokuja kuchimba bwawa la kambare nyuma ya nyumba ya mama yetu, Kadii, hapa Jilore, nilipinga. Mdogo wangu Ngumbao akanicheka: maneno yako, Mwaro, hayaivi sufuriani, bora samaki.

Viola, mtaalamu wao, alieleza vizuri, kwa hilo simlaumu. Ndani ya mwili wa samaki mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, nazo ndizo zinazoamua nani awe dume na nani jike. Jike ana X mbili. Dume ana X moja na Y moja, ndiyo maana watoto wake huwa nusu kwa nusu. Wao walikuwa wametengeneza dume mwenye Y mbili. Watoto wake wote ni madume, na madume ya kambare hunenepa upesi. Alituachia mmoja, akamkata ncha ya mkia iwe alama, akakataza asitoke bwawani.

Alirudi mawingu yalipoanza kujaa upande wa Tsavo. Alibeba kisu na beseni, maana kambare jike hukamuliwa mayai, lakini dume lazima achinjwe ndipo mbegu zitolewe tumboni. Tukavuta wavu bwawa zima. Dume hayumo.

Ngumbao alikuwa amekalia ndoo, anachekacheka. Kwetu samaki mkubwa kuliko wote haliwi. Mama alitulea hivyo, mkubwa hurudishwa ziwani akazae. Aliposikia habari ya kisu, wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, Ngumbao alimtia yule dume kwenye gunia lililolowa akampeleka Ziwa Jilore.

"Nimemwokoa mzee wa watu," akasema. "Tena alinishukuru kwa mkia."

Viola akakaa kwenye tope na sketi yake nzuri. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mvua ikishuka, maji ya ziwa hupanda majanini, na humo ndimo kambare huzalia. Nikamuuliza ziwa letu litakuwaje.

"Huenda wajukuu wake wakarudi sawa," akasema. "Lakini kambare wenu hatukuwapima. Yako maji ambako jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, na yeye ndiye anayeamua. Nikichanganya ukoo ule na huu, sijui kitakachotoka."

"Hujui?"

"Sijui, kaka Mwaro."

Nimegombana na wengi waliojifanya wanajua. Sikuwahi kuogopa kama siku hiyo.

Tulikimbilia ziwani na nyavu, radi ikitufuata. Tukawatoa madume wakubwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja mkia wake ulikuwa mzima. Ngumbao akaapa si hao. Viola akatikisa kichwa: pezi huota upya. Kumtambua ni mpaka apimwe maabara, na matone ya kwanza yalikuwa yameanza kutupiga mgongoni.

Mama alikuwa ametufuata, kanga kichwani. Ngumbao alimsihi aseme tuwaachie. Mama aliwatazama wale samaki wakipumua kwenye nyasi, kisha akanitazama mimi.

"Wachinje, mwanangu."

"Wote?"

"Wote. Nani atanionyesha asiye na kosa?"

Nikachinja. Sikuwa na hasira tena, na damu ikawa nyepesi kwa mvua. Maji yakapanda majanini. Majike wakaja, matumbo yamejaa mayai, wakizunguka miguuni petu bila kukutana na dume yeyote. Ngumbao akalia waziwazi.

Ndipo mbali, kwenye matete ambako viboko hukaa na hakuna mtu anayethubutu kuingia, tukasikia maji yakipigwapigwa. Mikia miwili mipana ikaibuka, ikajikunja pamoja, ikazama.

Mama akamuuliza Viola kama yule dume ni wa kwetu au ni wa kwao. Maji yalizidi kupigwa.