Sukari ya Mtu Asiyekula

Mwiba ulimchoma Waitara mguuni alipokuwa akitoa ng'ombe zizini, huko Nyarero, wala hakuusikia. Kisukari cha miaka sita kilikuwa kimezitia ganzi nyayo zake. Mkewe, Mokami, aliuona siku ya tatu, soksi ilipolowa usaha.

Homa ikapanda. Waitara akakataa ugali, akakataa uji, hata maziwa yakamshinda. Asubuhi Mokami alipoandaa sindano ya insulini, mkono ulisita.

"Baba Jackson, tangu jana hujala kitu. Sukari itatoka wapi? Nikikuchoma utazimia."

"Wewe ndiye unayejua," Waitara akasema. Miaka yote hiyo Mokami ndiye aliyemchoma.

Akairudisha sindano. Kesho yake vilevile, na keshokutwa.

Siku iliyofuata mume alianza kuhema kama aliyepanda mlima, akiongea na marehemu baba yake. Wakamkimbiza hospitali. Nesi Kokushubira, binti wa Bukoba, alimpima. Sukari ilikuwa imepita uwezo wa kipimo kusoma.

"Lakini hajala, ndiyo maana sindano tumeiacha siku tatu," Mokami akasema.

"Shikamoo mama, kaa kwanza." Nesi akavuta kiti. "Kidonda kikiingia wadudu, chembe nyeupe za damu zinapigana nao. Vita hiyo inaufanya mwili uikatae insulini, na ini linamwaga sukari lenyewe, hata kama mtu hajala. Sukari ikizidi, chembe zilezile zinazubaa. Zinachelewa kufika, na zikifika haziui wadudu vizuri. Basi kidonda kinapandisha sukari, na sukari inakipa kidonda nguvu. Nani alimwambia aache sindano?"

"Mimi."

Kokushubira alimshika bega, akarudi kwa mgonjwa.

Waitara alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Msibani, shemeji yake Mokami, Kisyeri, alisimama. "Hakuna aliyemuuguza mume kama huyu mama."

"Shemeji, mimi ndiye niliyemnyima dawa," Mokami akasema.

Watu wakainama. Kisyeri akamwambia apumzike, uchungu unamsemesha.

Wiki mbili baadaye Mokami alisikia kwamba jirani yake Kezia, naye mwenye kisukari, ana homa. Akaenda na kanga ya matanga.

"Umechoma sindano?"

"Nitachomaje, dada, na sijala?"

Mokami alimwinua kitandani, akamfunga kitenge. "Twende wakakupime sasa hivi. Usiiache sindano."

Zahanati walipokelewa mapema. Kezia alipoingia ndani, Mokami akaketi kwenye benchi la nje, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kwa sauti.