Sheria ya Mashua

Hapa kwetu Lunenburg, mji wa wavuvi pwani ya Kanada, nahodha akirudi na mashua moja pungufu, watu wanavuka barabara wasipishane naye. Wavuvi hupelekwa baharini na meli ya tanga, kisha hutawanyika kwa mashua wawili wawili, na nahodha hang'oi nanga mpaka wote wamerudi. Mume wangu, Carman Himmelman, alikua na sheria hiyo chini ya baba yake, Mzee Amos. Vita vilipokuja, jeshi la majini likampa manowari ya kulinda meli za mizigo, na jeshi nalo lina sheria yake: nyambizi ikiwa karibu, mlinzi hasimami kuokoa mtu.

Carman akasimama. Aliokoa watu kumi na tisa, nyambizi ikamkosa, na badala ya kukaripiwa akavishwa nishani. Mpaka leo naichukia. Angekaripiwa, angekuwa hai.

Alipokuja likizo baada ya hapo, akaniambia amepewa nafasi ya kufundisha maofisa nchi kavu, mjini Halifax, ajibu kabla ya Jumatatu. Nilikuwa mjamzito, na kichwani nilishaanza kutundika mapazia ya nyumba yetu huko. Lakini mezani, juu ya kabichi chachu na soseji, baba mkwe akacheka.

"Ukafundishe nini, kushika chaki? Na hiyo nishani utamvalia nani, ubao?"

"Mwache, baba," nikasema. "Ameshafanya ya kutosha."

"Wewe mkwe unataka mume wa kukupasulia kuni tu."

Carman akacheka naye. Nilipomwona anacheka, nikajua nimeshindwa. Jumatatu alirudi melini.

Habari ya kifo chake ililetwa Novemba. Baada ya Krismasi akaja Lester, fundi mitambo wake aliyenusurika, akaketi jikoni na mimi na baba mkwe, kofia magotini. Alisema meli ya mafuta ilipigwa, mabaharia wake wakawa majini wanapuliza filimbi kuita msaada. Carman akaamuru injini zizimwe. Msaidizi wake akamkumbusha sheria ya jeshi.

"Akamjibu, 'Nikiwaacha hawa, nitamwambia nini baba?'" Lester alisema. "Kombora likatukuta tumesimama."



"Na hao wa filimbi," baba mkwe akauliza, "mliwapata wangapi?"

"Hakuna, mzee. Hatukuwafikia."

Mzee Amos aliinuka kuvaa koti, mkono ukawa hauoni tundu la kuingilia. Akajaribu tena, akakosa tena. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, na sikuinuka kumsaidia.