Mche Mmoja wa Sabuni

Mimi ni dobi, na masomo ya jioni niliyaanza nikiwa tayari naitwa bibi. Shule iliyotuazima madarasa ilitangaza nafasi moja ya mwalimu msaidizi kwa sisi wanafunzi watu wazima. Sharti lilikuwa hili: kila mmoja achague kitu cha nyumbani, aonyeshe kinavyoweza kufundisha darasa la kwanza, la nne na la saba, masomo mbalimbali. Nafasi ile niliitamani hadi nikaiota.

Jirani yangu wa dawati tulimwita Haleluya, maana hata akipatia hesabu ya kugawanya alipaza sauti hivyo hivyo. Kila baada ya kipindi tulibaki wawili tukiomba. Mimi nimelelewa kumwomba Mungu kwa kutaja, si kwa kujumlisha. Basi nikataja kwa sauti:

"Baba, bariki mche wangu wa sabuni. Darasa la kwanza waukate kwa uzi, wahesabu vipande. La nne wajifunze nusu na robo, kisha waandike maelekezo ya kunawa mikono..."

Mlinzi akagonga, anataka kufunga. Tukasema amina ya haraka.

Siku ya kuonyesha, Haleluya akaitwa kwanza. Akatia mkono mfukoni, akatoa mche wa sabuni na uzi. Nilidhani macho yangu yameingiwa na povu.

Akakata. Akahesabu. Nusu, robo, maelekezo ya kunawa. Walimu wakapiga makofi.

"Wazo hili umelitoa wapi, mama?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nilikuwa kwenye maombi, mwalimu. Likanijia."

Wala hakudanganya, na hilo ndilo lililonichoma.

"Na darasa la saba?"

Haleluya akaitazama sabuni, akatazama dari, kisha akanigeukia kwa tabasamu. "Hapo nimemwachia dada yangu yule. Tumeandaa pamoja. Dada, njoo uwamalizie."

Ningekaa kimya, angeumbuka. Lakini zamu yangu ikifika ningesimama na nini? Na sabuni ileile, nionekane mwigaji? Nikaenda mbele. Nikajaza maji kwenye glasi niliyokuja nayo, nikatia mafuta, nikakoroga. Yakakataa kuchanganyika. Nikatia vipande vya sabuni, nikakoroga tena, nikaeleza kwa nini shati la fundi gari halitakati kwa maji matupu. Maneno, namshukuru Mungu, hayakunikwama.

"Safi sana," akasema mwalimu mkuu. "Kiongozi hodari hujua kumtumia mwenzake." Nafasi akapewa Haleluya.

"Mwalimu, mimi bado sijaitwa," nikasema.

"Si umeshaonyesha, mama? Kitu kimoja, watu wawili, nafasi moja."

Koridoni Haleluya akanikumbatia. "Dada, usininunie. Baraka ya mmoja ni ya wote."

"Basi rudi ndani ukawaambie ni ya nani."

Akaniachia. "Ah, dada nawe! Mambo yameshapita." Akapunguza sauti. "Halafu wamenipa darasa la pili na la tano. Huna kawazo kokote?"

Nikaingia ndani, nikachukua glasi yangu, nikaimwaga kwenye karo na kuisuuza mpaka ikang'aa. Alikuwa bado mlangoni, akingoja jibu. Nikampita. Kusamehe najua napaswa, na ninaomba nifike huko. Ila kwa sasa asinisalimie kwanza.