Meza Yenye Kitasa

Jumatatu asubuhi, baada ya chai, fundi alimaliza kuunga meza yake ya kazi uani. Miguu aliitoa kwenye masanduku ya mizigo yaliyotupwa nyuma ya ghala. Mbao za kuishikanisha zilikuwa vitanda vya watoto waliokwisha kuoa na kuolewa. Uso wake ulikuwa mlango mzito, pamoja na fremu yake, alioupata kwa muuza vyuma chakavu kwa bei ya kutupa. Aliweka pimamaji juu yake. Kiputo kikatulia katikati.

Mkewe alitoka na ufagio mkononi. "Mbona ina kitasa?"

"Kitasa hakimzuii mtu kupiga randa, mama watoto."

Mlango ule aliujua. Ulikuwa wa ofisi ya vyeti, na kwa miaka tisa alikuwa ameuegemea akisubiri cheti cha ufundi, hata ubao ukabonyea kidogo kwa umbo la bega lake. Ofisi ilipohama, mlango ukauzwa. Shule ya jirani ilitaka madawati arobaini, lakini ya fundi mwenye cheti tu. Mjukuu wake wa kike alikuwa akisomea hapo, sakafuni, na kurudi kila siku na sketi ya vumbi. Ndiyo maana fundi aliunda meza mapema: cheti kikitoka, kazi ianze siku hiyohiyo.

Akalaza ubao, akashika patasi, akagonga mara tatu.

"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka ndani ya meza. "Subiri nje."

Fundi akasubiri. Alikuwa mtu wa adabu, na nje ndiko alikokuwa.

Baada ya saa nzima mkewe akapita tena. "Umechoka?"

"Nimeambiwa nisubiri."

"Na nani?"

"Meza."

Mkewe akatega sikio. "Si yule karani wa vyeti mwenye mafua?"

"Yuleyule."

"Basi leo umekwisha," akasema, akaenda kufagia mbele.

Alhamisi, akipiga randa, kiwiko chake kilibonyeza kitasa. Mlango ukafunguka kwenda chini, patasi na misumari vikatumbukia. Pale chini, ambapo kuku walikuwa wameanza kulala kivulini, palikuwa na ofisi: feni, kalenda ya mwaka juzi, mafaili mpaka darini, na karani akichovya mkate kwenye chai. Kuku walikuwa wamehamia juu ya kabati.

Karani aliokota patasi, akaiandikia stakabadhi. "Shikamoo, mzee. Ungebisha hodi kwanza."

"Marahaba. Nabisha tangu Jumatatu."

Karani akavuta faili, akapuliza vumbi, akapiga chafya. "Lako limekamilika. Limebaki jambo moja tu, kukagua meza yako ya kazi."

"Ndiyo hii."

Karani akainua macho. "Mimi hapa naona upande wa chini. Fomu inataka uso wa meza, tena ikiwa imefungwa. Ikifungwa, mimi niko ndani."

"Basi panda juu uione, mwanangu. Nikupe mkono."

"Nitoke saa za kazi, mzee? Na watu wote hao wanasubiri?"

Ni kweli walikuwa wanasubiri. Habari zilikuwa zimeenea kwamba ofisi imepatikana, na foleni ilianzia mezani, ikapita jikoni, ikatokea barabarani. Alikuwamo dobi, alikuwamo mama mwenye faili la kiwanja, na mzee mmoja aliyetaka barua ya kuthibitisha kwamba hajafa. Mke wa fundi aliwapangia zamu za choo, akawakataza kuegemea sufuria.

Fundi aliwahurumia wenye magoti mabovu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kilichotoka kwenye meza ile kilikuwa benchi refu la kungojea. Hakupiga msumari hata mmoja, asimsumbue karani. Aliunga kwa gundi na ndimi za mbao zilizochomekwa kwenye matundu. Walikaa watu kumi na wawili, na benchi halikulia hata kidogo.

Jumatano iliyofuata alikuja mwalimu mkuu wa shule, kuomba orodha ya mafundi wenye vyeti. Alikaa kwenye benchi, akalipapasa, akainama kutazama maungio.

"Hii ndiyo kazi!" akasema. "Madawati yangu nayataka hivihivi. Katengeneza nani?"

"Mimi, mwalimu," fundi akajibu.

"Cheti unacho?"

"Faili limekamilika."

"Basi bado huna," akasema mwalimu mkuu, akainuka taratibu kwenye benchi lisilo na cheti. Akawataka radhi waliokuwa kulia na kushoto kwake, akakunja koti, akalitandika, akaketi chini, mavumbini.

Saa saba mjukuu alirudi kutoka shule. Akamwamkia mwalimu wake, akachuchumaa kando yake, akamwonyesha namna ya kukunja miguu ili isife ganzi.